Fomu ya Ikhlas Ilifika Tupu

Mlaleo, Kisauni,
Mombasa.
2 Februari 2025

Kwako dadangu Mwanabibi,

Shikamoo dada. Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti lililokuwa likikusumbua limepoa. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi, ila joto la mwaka huu halisemeki. Hata sakafu ya saruji imekataa kupoa. Mama yuko kwa kiasi chake. Anakula, na mkono wa kushoto ameanza kuunyanyua mpaka usawa wa kidevu. Anakuulizia. Hutamka "Bibi, Bibi," na sisi tunajua ni wewe anayekutaja.

Utashangaa kuniona nakuandikia kwa kalamu na simu ipo. Nyumba yetu waijua, vyumba viwili na pazia, na haya ninayotaka kukwambia sitaki yasikiwe na mtu mpaka wewe uyasome kwanza. Lakini pia nimeandika kwa sababu ya ile sauti uliyoitia kwenye kikundi cha ukoo Jumapili iliyopita. Watu walikuwa wakiulizana watoto gani wameingia vyuo, nawe ukasema, tena ukicheka, kwamba Ikhlas angekuwa chuoni tangu Septemba ila mamake alishindwa kujaza fomu. Fomu tu, ulisema, kitu ambacho watoto wa shule wanajaza. Ukasema mimi tangu utotoni ni mtu wa kuanza jambo nisilimalize. Ndugu yetu Ukasha akatia nyuso tatu za kucheka, na wake zake wote wawili wakamfuata.

Nimekasirika, dada. Nakwambia waziwazi, na heshima yangu kwako ikiwa palepale. Uko Kisumu, mwaka wa pili huu tangu Mama apatwe na kiharusi, na umekuja mara moja, siku tatu, ukamletea khanga na ukarudi. Hujui nyumba hii inaamka vipi. Mama huoshwa mara mbili kwa siku. Hugeuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Mume wangu Hussam yuko kiwandani Changamwe, zamu yake hubadilika kila wiki. Mimi asubuhi niko chekechea. Aliyebaki na Mama miaka hii yote ni Ikhlas, binti aliyemaliza kidato cha nne kwa alama ambazo mwalimu wake alikuja mwenyewe nyumbani kutupongeza. Basi ukitaka kumcheka mtu kuhusu fomu, sikiliza kwanza fomu yenyewe ilikuwaje.

Ilikuja kwa barua pepe mwishoni mwa Julai. Kurasa kumi na nne! Za kuombea kusomea uuguzi, utadhani mtu ananunua meli. Yote Kiingereza, imejaa vijisanduku vya kijivu, na kila penye nyota nyekundu usipojaza huruhusiwi kwenda mbele. Kwenye simu haikusomeka. Ukiyakuza maandishi, ukurasa unakimbilia pembeni; ukiyapunguza, unahitaji darubini. Nikaifungua kwenye laptopu kuukuu ya Hussam, ile isiyowaka mpaka ichomekwe kwenye umeme, nikaketi nayo jioni mbili mfululizo.

Kisanduku cha jina kilikubali herufi ishirini, basi. Nikaandika Ikhlas Hussam Mwinyihaji. Babu wa watu akakatwa akabaki Mwinyi, kana kwamba hakuwahi kufika Makka. Tarehe ya kuzaliwa ikakataliwa mara nne. Mtoto amezaliwa tarehe kumi na saba, na fomu inaniambia hakuna mwezi wa kumi na saba, kwa sababu huko ilikotengenezwa mwezi hutangulia siku. Wakataka nambari ya posta ya nyumbani. Nyumbani wapi? Mlaleo barua huletwa na watu. Ukurasa wa tisa ukauliza kama mwombaji ana majukumu ya nyumbani yanayoweza kumzuia kuishi chuoni, na vijisanduku viwili, ndiyo au hapana. Wakati huo Ikhlas alikuwa upande wa pili wa pazia akimgeuza Mama ubavu, akihesabu moja, mbili, tatu, kama anavyofanya kila siku ili wanyanyuke pamoja. Nikaweka alama kwenye hapana.

Nilimaliza, dada. Nilimaliza! Nikachapisha kurasa zote kwa ile printa ninayotolea mitihani ya watoto wa chekechea, na kila neno likatoka kwenye karatasi, jeusi, zuri. Ukurasa wa mwisho nikautia saini ya mzazi, nikaupiga picha. Kisha nikaiambatisha fomu, na picha ya ile saini mahali pa ukurasa wa mwisho, nikatuma. Karatasi nikazitia ndani ya bahasha pamoja na vyeti vya Ikhlas. Mtu akiniambia sikujaza, bahasha ile ninayo mpaka leo.

Septemba majina yakatoka. Tukaangalia mara tatu, Ikhlas na mimi na Hussam, na jina la mwanangu halimo. Nikapiga simu. Nikaambiwa fomu haikukamilika. Haikukamilika vipi na mimi nilikaa nayo jioni mbili mpaka macho yakaniwasha? Nikamwambia Hussam abaki na Mama Jumatatu, nikamchukua Ikhlas na bahasha yetu, tukaenda huko huko chuoni, bara, mwendo wa saa tano.

Ofisi ya kupokea wanafunzi ilikuwa imejaa wazazi. Dawatini alikuwepo msichana mmoja aitwaye Emmaculate, aliyemzidi Ikhlas miaka michache tu. Nikampangia karatasi zangu mbele yake moja moja, nikamwuliza kama haya si maandishi. Akazitazama, akasema ni maandishi, lakini faili aliyopokea yeye haikuwa hivi. Akaigeuza kompyuta yake nione. Dada, kurasa kumi na tatu nyeupe pe! Vijisanduku vimeketi vitupu, na mwishoni kabisa, peke yake, picha ya saini yangu.

Nikasema kwa sauti kwamba mashine yao ndiyo imekula maandishi yangu. Nikasema mengi. Nikawaambia wazazi waliokuwa nyuma yangu waangalie vizuri fomu zao, kwani hapa watu wanatumiwa kurasa kumi na nne za upuuzi na kisha wanaambiwa hawakuandika kitu. Watu wakaanza kunung'unika. Emmaculate akajaribu kunieleza kwamba hutokea mtu akajaza kwenye dirisha la kuangalia tu, akachapisha bila kuhifadhi, kisha akatuma ile faili ya mwanzo ambayo haina kitu. Halafu akasema, kwa upole, "Lakini mama, sisi tulikuandikia. Tulikwambia fomu imekuja tupu, utume tena."

Nikamwita mwongo.

Akasema anaweza kunitafutia ile barua, akaanza kupekua kwenye kompyuta. Hapo nikaapa. Nikasema wallahi sikupata barua yoyote, na nikairudia wallahi mara ya pili. Ikhlas, ambaye waijua sauti yake, mtoto akiitwa huitika abee ya chini mpaka umkaribie ndipo uisikie, alisogea mbele akamwambia yule msichana kwamba mamake hasemi uongo, na kama wao wamekosa ni uungwana wakiri. Mkuu wa ofisi, Mzee Mwarandu, akatoka ndani kwa sababu ya kelele. Akasikia kiapo changu, akaona karatasi zangu zilizojaa maandishi, akamwambia Emmaculate aache kupekua. Akamkemea mbele ya watu wote kwamba wazazi wanatoka mbali na yeye anawajibu ovyo. Akamwondoa dawatini. Mimi akaniomba radhi, akasema nafasi zimejaa lakini tuombe tena za Machi. Yule msichana alipita karibu nami akienda chumba cha ndani, na macho yake yalikuwa mekundu.

Hivi ndivyo nilivyoisimulia habari hii kwa jirani yangu Nduku, kwa walimu wenzangu, kwa Hussam, na kila aliyeisikia alinipa haki. Nduku alisema angekuwa yeye angelala pale ofisini mpaka wampe mtoto nafasi. Kwa hiyo niliposikia kicheko chako kwenye kikundi nilichukua simu nikujibu, na nikaona siwezi. Maana wewe umesema nilishindwa kujaza fomu, na hilo ni uongo. Lakini ukweli wenyewe, dadangu, ni mbaya kuliko uongo wako.

Barua yao niliipata.

Ilikuja Jumatano, tarehe saba Agosti, mchana, nimetoka chekechea nimeketi kibarazani. Ilikuwa fupi na ya adabu, na chini yake jina Emmaculate. Alisema fomu imefunguka ila kurasa kumi na tatu hazina maandishi, tafadhali nijaze tena, nihifadhi, nitume kabla ya Ijumaa tarehe kumi na sita. Nikafungua kile nilichotuma, nikakiona cheupe kwa macho yangu. Zilibaki siku tisa. Kazi yenyewe ilikuwa ya saa moja, maana majibu yote nilikuwa nayo kwenye karatasi, ilikuwa ni kunakili tu.

Nikainuka nikachukue laptopu. Ndani, Mama alikuwa akisema jambo. Mimi nilisikia mvumo tu, kama nisikiavyo siku zote tangu ulimi wake upinde. Ikhlas akacheka, akamjibu, "Haya nyanya, lakini kidogo tu," akaenda jikoni akarudi na kipande cha ndimu akamwekea mdomoni. Mama alitaka ndimu. Mimi binti yake wa kumzaa sikujua. Nikasimama na pazia mkononi, nikajiuliza huyu mtoto akienda zake, nani ataniambia mamangu anasema nini?

Nikasema nitaijaza kesho. Kesho yake nikasema Jumamosi. Nilikuwa nikijiambia kwamba siku zipo nyingi. Jumatatu nikaacha kujidanganya, nikaiondoa ile barua mahali pake nikaificha ndani kabisa ya simu, nisije nikaiona wala mtu asije akaiona. Ijumaa ile, saa kumi na moja jioni ofisi yao ilipofungwa, nilikuwa namenya muhogo, na nikaendelea kumenya. Sikumwambia mtu. Halafu Septemba nikaenda kule na bahasha yangu, nikaapa kwa jina la Mungu, nikamwachia mwanangu anisimamie.

Sikwambii haya ili unihurumie. Ulimwengu huu niliukasirikia sana mwaka jana, fomu na kompyuta na ofisi na wewe, na katika hasira yote ile kulikuwa na haki, lakini nilikuwa nikiipandisha juu zaidi ili isisikike ile sauti nyingine.

Mwisho wa Novemba tulikuwa tunamvisha Mama, mimi na Ikhlas. Nikamwambia muda wa maombi ya Machi unakaribia kuisha. Akasema hataomba tena. Alisema amefikiri sana, na huenda Mungu ndiye aliyeifuta ile fomu, amwonyeshe kwamba mahali pake ni hapa na nyanya yake. Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, huku anafunga vifungo vya kanzu. Dada, ningeweza kuvumilia mtoto akilia. Kumsikia akimsingizia Mungu kitendo changu sikuweza. Nikaifukua ile barua kwenye simu, nikampa.

Aliisoma. Akaangalia tarehe. Akamaliza vifungo viwili vilivyobaki, akamweka Mama sawa kwenye mito, ndipo akaniuliza, "Zilikuwa zimebaki siku ngapi, Mama?"

Nikamwambia tisa.

Siku nne alikuwa akinisalimia asubuhi na kuniitikia nikimwita, zaidi ya hapo hakuna. Hussam naye nilimwambia, akatoka nje akakaa huko mpaka alasiri, na aliporudi alisema tu kwamba yule msichana wa ofisini ni mtoto wa watu. Siku ya tano Ikhlas aliichomeka laptopu, akaijaza fomu ya Machi mwenyewe. Kila ukurasa alihifadhi. Alipomaliza aliifunga, akaifungua kwenye simu ya babake kuona kama maandishi yapo, akaichapisha, akaniletea ukurasa wa mwisho na kalamu. "Tia saini hapa." Ukurasa wa tisa aliuweka juu ili niuone. Alama alikuwa ameiweka kwenye ndiyo, na pembeni akaandika kwamba anamuuguza nyanya yake na kwamba familia itapanga.

Nikamwambia nitaipeleka mwenyewe. Akasema fomu ameshaituma, ila nikitaka kwenda niende kwa jambo langu. Nikaenda.

Emmaculate alikuwa amerudi dawatini. Aliponiona alijikunja. Wazazi walikuwepo kama siku ile, ingawa si walewale, na Mzee Mwarandu nilimwomba atoke. Nikasema mbele yao kwamba barua niliipata, kwamba niliapa uongo, na kwamba binti huyu alikuwa anasema kweli tangu neno la kwanza. Nilidhani atalia, au atanitukana, na nilikuwa tayari kwa lolote. Alichofanya ni kufungua mtoto wa meza, akatoa karatasi nyeupe akaniwekea mbele yangu, akasema, "Yaandike hayo mama, na tarehe." Nikaandika. Akaisoma mpaka mwisho, akaigonga muhuri, akamkabidhi Mzee Mwarandu mkononi. Kisha akaniambia kwamba ombi la mwanangu litaangaliwa kama la mtu mwingine yeyote, halitapendelewa wala halitaonewa, na akamwita anayefuata.

Majina yametoka tarehe ishirini na nne Januari. Ikhlas yumo, dada. Anatakiwa kuripoti Jumatatu tarehe tatu Machi.

Kwa hiyo wakati wewe unacheka kwenye kikundi Jumapili ile, mtoto alikuwa ameshapata nafasi yake kwa kalamu yake mwenyewe, siku mbili nyuma. Sikuitangaza kwa sababu nilitaka kwanza ulijue hili lote. Na sasa sikiliza, maana hasira yangu haijaisha, imepungua upande mmoja tu.

Mama ni wako pia. Hukuzaliwa na mtu mwingine. Mtoto wa miaka kumi na tisa amefanya kazi yako na yangu kwa miaka miwili, na mimi nilifikia kumwibia maisha yake ili nisikose mtu wa kunisaidia, na wewe ulifikia kumcheka mamake bila kuuliza kazi ile inafanywa na nani. Sikuombi, nakueleza. Ramadhani itaandama karibu siku hizohizo anazoondoka Ikhlas. Njoo kabla ya hapo, ukae mwezi huo mzima. Watoto wako ni wakubwa na shemeji si mgonjwa. Ikhlas atakufundisha wiki moja kabla hajaondoka: jinsi ya kumgeuza, jinsi ya kumlisha asipaliwe, na maneno yake. Ameyaandika kwenye daftari, kila sauti na maana yake, kurasa ishirini na kitu. Mimi nimeanza kujifunza. Juzi nilimwelewa Mama maneno matatu mfululizo bila kuuliza. Ikiwa huwezi kabisa kuja, basi andaa chumba, Hussam na mimi tutamleta Kisumu akae kwako miezi mitatu, kisha atarudi kwangu. Ukasha nimeshamwandikia aache nyuso za kucheka, kila Jumamosi aje kutoka Jomvu Kuu na mmoja wa wake zake kunipokea asubuhi. Amejibu kwamba atakuja. Tutamwona.

Jambo la pili ni kile kikundi. Uliyasema mbele ya ukoo mzima, basi yarekebishe mbele ya ukoo mzima. Waambie Ikhlas hakushindwa, wala hakukosa bahati, wala Mungu hakumfutia kitu. Ukitaka kuwaambia nilichofanya mimi, wasomee barua hii kama ilivyo, usipunguze wala usiongeze. Nitaona haya, lakini nimeshaona haya kubwa kuliko hiyo, mbele ya watu nisiowajua.

Nijibu upesi, dada, kwa simu au kwa barua, lakini nijibu tarehe ya kuja, si habari za goti. Hussam anakusalimu sana pamoja na shemeji. Nduku naye anatuma salamu. Bado sijamwambia ukweli, nitamwambia wiki hii. Mama nimemsomea mwanzo wa barua mpaka pale jina lako lilipotajwa, akanyanyua ule mkono wa kushoto, nadhani anakusalimu.

Ikhlas nilimwuliza kama nimtilie salamu zake humu. Akasema hapana, nisimsemee, atakuandikia mwenyewe.

Mimi mdogo wako, akupendaye hivyohivyo na hasira zake,
Ruwaida